ZHENG HE NA VIGAE VYA PWANI YETU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, kabla hujakirudisha kikombe chako cha chai kabatini, hebu kipindue utazame chini. Vikombe vingi vya hapa Eldoret vimeandikwa kwamba vimetoka Uchina. Huenda ukadhani mambo haya yameanza juzi juzi tu. La hasha! Vyombo vya Wachina vimekuwa vikifika Kenya kwa zaidi ya miaka elfu moja. Leo nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyevisafirisha, Zheng He.

Alizaliwa mwaka wa 1371 katika jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa Uchina. Kwao kulikuwa mbali na bahari, kama vile sisi wa Uasin Gishu tulivyo mbali nayo. Jina lake la utotoni lilikuwa Ma He. Jamaa yake walikuwa Waislamu, na baba yake na babu yake waliitwa mahaji.

Mwaka wa 1381 jeshi la ufalme wa Ming liliivamia Yunnan. Baba yake akafariki wakati wa vita hivyo. Mtoto akatekwa akiwa na miaka kumi hivi, akahasiwa, kisha akapelekwa kumtumikia mwana wa mfalme aliyeitwa Zhu Di. Hebu fikiria, msomaji! Una umri wa mtoto wa darasa la tano, huna baba, huna kwenu, na hutapata mtoto wako maishani. Wengi wetu tungekata tamaa. Yeye hakukata. Alikua akawa askari hodari, na Zhu Di aliponyakua ufalme mwaka wa 1402, towashi huyu alikuwa upande wake. Mwaka wa 1404 mfalme akampa jina la Zheng kama heshima.

Mwaka wa 1405 akafanywa mkuu wa msafara mkubwa wa baharini. Yasemekana safari ya kwanza ilikuwa na watu zaidi ya 27,000. Si mchezo! Vasco da Gama alipoondoka Ureno mwaka wa 1497 alikuwa na vyombo vinne tu. Kutoka 1405 hadi 1433 misafara ya Zheng He ilikuwa saba. Ilifika Bara Hindi, Hormuz na Aden, na mwishowe Mogadishu, Barawa na Malindi.

Merikebu hizo zilibeba hariri na vyombo vya kauri. Kauri si udongo wa chungu cha kawaida. Huko Jingdezhen, mafundi walichanganya udongo mweupe na jiwe lililosagwa, wakauchoma kwa joto la nyuzi 1,300 hivi. Chombo kikatoka kigumu, cheupe, hakinyonyi maji, na ukikigonga kinalia kama kengele. Wazungu walitamani sana siri hiyo, lakini kiwanda chao cha kwanza, kule Meissen, Ujerumani, kilianza mwaka wa 1710. Kumbe vyombo hivyo vilipokuwa adimu sana Ulaya, matajiri wa pwani yetu walikuwa wakivilia chakula, na wengine wakivipachika kwenye kuta na makaburi kama pambo!

Malindi nayo haikukaa mikono mitupu. Mwaka wa 1415 ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Wachina wakastaajabu, wakamfananisha na mnyama wa heri wa hadithi zao. Katika safari ya tano, 1417 hadi 1419, merikebu za msafara huo zikafika Malindi.

Hata hivyo, tusimpe sifa zisizo zake. Kauri ya Uchina ilikuwa imefika Manda na Shanga, huko Lamu, tangu karne ya 9, ikiletwa na wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Kwa hiyo si kila kigae ni chake. Lakini mwaka wa 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata kisiwani Manda sarafu ya enzi ya Zhu Di, mfalme aliyemtuma.

Zheng He alifariki karibu na mwaka wa 1433. Wakuu wa serikali walichukia gharama za safari zile, wakazikomesha. Inasimuliwa kwamba baadaye maandishi yake mengi yalifichwa au kuchomwa ili mtu asije akazirudia. Basi alinyimwa watoto, halafu akanyimwa na kumbukumbu.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Karatasi huungua, kauri haiungui wala haiozi. James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka wa 1948, alikuta vipande vya kauri vya karne nyingi. Sahani iliyovunjika ikatupwa jalalani ndiyo iliyotueleza kwamba babu zetu wa pwani walifanya biashara na dunia nzima kabla Mzungu hajatia nanga.

Kwa hiyo, wenzangu, siku klabu yetu itakapozuru Gedi, ukiona kigae chini usikitie mfukoni. Kiache hapo hapo. Wewe utakiona kama takataka, kumbe ni ukurasa wa kitabu ambacho hakuna aliyeweza kukichoma.