MZEE TINGATINGA: KUTOKA MKONGE WA TANGA HADI SILINGI BODI ZA MSASANI

Mada ya leo imeanzia ukutani kwangu, hapa Manundu, Korogwe.

Nakaa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Handeni, yuko kwangu kwa ajili ya shule. Masika yaliyopita mvua ilitufungia ndani siku tatu mfululizo. Kijana akaenda jikoni, akachukua kipande cha mkaa, akachora fisi ukutani sebuleni. Fisi mkubwa, kuanzia kwenye swichi ya taa mpaka kwenye kochi! Nilimchapa, sitaki kuwadanganya. Ukuta wenyewe nilikuwa nimeupaka rangi Krismasi. Hasira ilipopoa nikakaa kumwangalia yule fisi vizuri. Jamani, ana ule mgongo wa kuteremka, ana ile shingo nene, na macho yanakutazama. Sikumwambia kitu. Nikachukua kitambaa na maji nikafuta, na doa lipo mpaka leo.

Usiku ule ndipo nikamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, nikaona nimefanya ujinga.

Ukilitaja jina hilo kwa watoto wa huku kwetu wanajua trekta. Huyo mpwa wangu nilipomtajia picha za tingatinga akaniuliza kama zinachorwa na madereva wa trekta. Basi bwana, nikaanza kumsimulia, na ninyi nawasimulia.

Alizaliwa mwaka 1932, wilaya ya Tunduru, upande wa Nakapanya, kusini kabisa karibu na Msumbiji. Familia ya wakulima wa jembe la mkono, hali duni. Jina lenyewe, Edward kisha Saidi, linakuonyesha nyumba iliyochanganya Ukristo na Uislamu, jambo la kawaida tu kule. Shule alisoma kidogo. Kijana wa Tunduru wa enzi zile akitaka hela ya kodi na ya nguo alikuwa na njia chache sana, na njia kubwa kuliko zote ilikuwa inakuja huku kwetu. Miaka ya 1950 Tingatinga akaja Tanga kukata mkonge.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana hili linanihusu. Babu yangu mzaa baba naye alitokea Tunduru kuja kwenye mkonge. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu akishaandikwa anapewa namba na jina lake linabaki kwao. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kutafuta vibarua, SILABU, ikawa inawazoa watu kutoka kusini, kutoka Kigoma, mpaka nje ya mipaka. Zao lenyewe aliliingiza Mjerumani mmoja, Hindorf, mwaka 1893. Miche iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu! Kutoka kwenye hiyo 62, ilipofika mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 kwa mwaka. Ukipita leo barabara ya kutoka Segera kuja Korogwe, hadi Mombo na Mazinde, mistari ile ya mkonge inayokimbia mpaka milimani imepandwa, imekatwa na kupaliliwa na mikono ya watu waliokuwa namba.

Kazi yenyewe babu alikuwa akiisimulia huku ameshika magoti. Unaamka usiku, unakata majani, unayafunga mafungu ya majani 30 30, unayabeba mpaka kwenye reli ndogo ya shamba yapelekwe korona kusagwa. Mwiba wa ncha ukikupata jichoni basi. Utomvu wake unawasha. Kipande hakijajaa siku 30 za kazi, hakuna mshahara. Jioni watu wamechoka, lakini kambini ngoma hazikukosekana. Kila kabila na ngoma yake, Wamakua na yao, Wamakonde na yao, Waha na yao. Watu wa mkonge walikuwa na kazi ya mwenye shamba mchana, usiku wana kazi yao wenyewe, ya kucheza, kuchonga, kusuka. Wengine hawakurudi kwao, ndiyo maana ukizunguka vitongoji vya Korogwe utakuta majina ya Kimakua na Kingoni kwa watu ambao hata Ruvuma hawajawahi kufika. Mimi mmojawapo.

Tingatinga hakukaa. Miaka ya 1950 ilipokuwa inaishia akaondoka Tanga kwenda Dar es Salaam. Kule akafanya kazi nyumbani kwa Mwingereza mmoja, kazi za ndani na za bustani. Uhuru ukaja, Waingereza wakaanza kufunga mizigo, naye akabaki kuwa mtu wa vibarua vya hapa na pale kama maelfu ya wengine waliojaa mjini. Miaka hiyo siirefushi.

Utamu uko mwaka 1968. Ana miaka 36 hivi. Hana shule ya uchoraji, hajawahi kuingia darasa la sanaa, hana hela ya kununua rangi za wasanii, ambazo hata leo ukiziulizia madukani bei yake inakufanya uage. Akaangalia vitu vilivyo karibu naye. Mjini nyumba zilikuwa zinajengwa, kwa hiyo vipande vya hadibodi za silingi vilipatikana. Mafundi baiskeli walikuwa kila kona, na rangi ya baiskeli, ile ya mafuta inayong'aa, iliuzwa kwenye vikopo vidogo. Akachukua hivyo viwili akaanza.

Mnaona akili hiyo? Bodi nzima ya futi 4 kwa 8 ukiikata miraba ya futi 2 kwa 2 unapata vipande 8. Ndiyo sababu picha nyingi za mwanzo zina ukubwa unaofanana, kama sentimita 60 kwa 60. Na ule mng'aro ambao wazungu wanausifia sana ni rangi ya baiskeli tu.

Hata mtindo wenyewe mimi naona umetokana na vifaa. Rangi ya mafuta haipendi kuchanganywa-changanywa ikiwa mbichi, inachafuka. Kwa hiyo unapaka ukuta mzima wa nyuma kwa rangi moja, unaacha ikauke, kisha juu yake unaweka mnyama, unaacha akauke, halafu ndiyo unakuja na madoadoa, manyoya, mistari. Picha zake mwenyewe hazina msongamano kama hizi mnazoziona siku hizi pale Mwenge au Mji Mkongwe Zanzibar. Mara nyingi ni mnyama mmoja tu amejaa bodi nzima, chui au tembo au ndege, nyuma rangi tupu, pengine na kajani kamoja. Mnyama anakutazama kama yule fisi wa sebuleni kwangu. Chini anaandika jina lake, E. S. Tingatinga.

Kuna ubishi wa alikotoa wazo. Wengine wanasema aliona wachoraji wa Kikongo waliokuwa wakiuza picha Dar miaka ile, akaona na yeye anaweza. Wengine wanasema ni mapambo ya kuta za nyumba za kwao kusini, ambako watu walizoea kuchora wanyama na watu kwenye udongo. Mimi sioni kwa nini yasiwe yote mawili. Mtu aliyekulia kwenye kuta zenye picha, akiona mwenzake anapata hela kwa picha, unategemea afanye nini?

Alifanyia kazi nyumbani, Msasani. Hakuwa na studio, alikaa chini nje, bodi iko miguuni. Picha zikikauka zinapelekwa Oysterbay, pale Morogoro Stores, ambapo wazungu walikuwa wakija kununua mboga na mahitaji. Mkewe alikuwa mstari wa mbele kwenye kuuza, na hili tusilipite haraka kama kawaida yetu. Yeye akichora, mama anasimama na mzigo juani kuongea na wateja. Bei ilikuwa shilingi chache. Baadaye akapata kazi ya uhudumu hospitali ya Muhimbili, na bado akirudi anaendelea kuchora. Kwa hiyo mtu anayeniambia hana muda kwa sababu ana kazi... haya, endelea kuniambia.

Picha zilipoanza kutoka akawaita ndugu na jamaa. January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Simon Mpata. Waliwekwa chini wakafundishwa kama fundi seremala anavyofundisha, huyu anapaka rangi ya nyuma, huyu anajaza, mpaka mkono unazoea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la serikali la sanaa nalo likaanza kununua kazi zake, ikawa si za kuuza barazani tu. Sasa ndiyo mambo yanaanza kunyooka. Ana mke, ana watoto wadogo, ana wanafunzi, ana soko.

Mwaka 1972 polisi wakampiga risasi. Alikuwa ndani ya gari, wakadhani ni majambazi wanakimbia. Akafa. Miaka 40 tu, na kuchora alichora kama miaka minne.

Nilipofika hapo mpwa wangu alinyamaza kabisa. Mimi mwenyewe huwa nakwama hapo kila nikiisimulia. Miaka minne, jamani! Mtu hata kiwanja cha Korogwe humalizi kujenga kwa miaka minne.

Wale wanafunzi hawakutawanyika. Walichora, wakawafundisha wengine, hao nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika pale pale Oysterbay. Mpata alielekea Kenya na kuipeleka sanaa huko. Jina la mtu likawa jina la mtindo, likavuka mpaka Japani na Skandinavia. Mwaka 2010 ikatoka ile katuni ya watoto ya Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi na kuonyeshwa na BBC. Bodi zake halisi zilizouzwa kwa shilingi chache pale Morogoro Stores sasa zinauzwa ng'ambo kwa mamilioni. Mjadala wa nani anafaidika na jina hilo umekuwepo miaka mingi na unauma, maana mwenyewe hakuacha makaratasi, aliacha familia changa na wanafunzi wenye rangi mikononi.

Sasa turudi Manundu. Wiki iliyofuata nilienda kwa fundi aliyekuwa anapiga silingi nyumba ya jirani, nikamwomba mabaki. Akanipa vipande vitano bure, vingine vimepinda. Nikapita kwa fundi baiskeli, nikanunua vikopo vidogo vya nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano na bluu, na thina kidogo. Jumla yake haikufika kreti mbili za soda. Brashi tulitengeneza za singa za mkonge, tukazifunga kwa uzi kwenye vijiti. Kwa kupaka eneo kubwa zinafaa. Kwa madoadoa hazifai hata kidogo, zinatawanyika, tukaishia kutumia kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki.

Kwa anayetaka kujaribu, mambo machache ya kukwepa tuliyoyaona kwa macho yetu. Bodi piga msasa kwanza, upande laini. Rangi ya nyuma iache siku nzima, ukiwahi itavutika na kufanya makunyanzi. Msichoree ndani mmefunga madirisha, ile harufu inapandisha kichwa. Na vumbi la Korogwe mnalijua, sisi picha ya kwanza ina mchanga kama imepakwa simenti. Tuliiweka uani, fuso likapita!

Picha ya kwanza yangu mimi ilikuwa twiga. Mke wangu alisema ni ngamia, na sikubishana naye. Ya kijana ilikuwa fisi yule yule, nyuma njano tupu, madoa meusi, jicho moja kubwa jekundu. Mwezi uliopita tulipanda gari kwenda Handeni kumpelekea mama yake. Njia nzima alikuwa ameipakata, ameifunga kwenye khanga, hataki iwekwe kwenye buti. Dada yangu pale Chanika aliiangalia muda mrefu. Mama mkwe wake, bibi wa Kizigua ambaye amefinyanga vyungu maisha yake yote, akaishika, akaigonga kwa kidole kama anavyogonga chungu kusikia kama kimeiva, akauliza nani kamfundisha. Kijana akanitazama mimi. Nikaona aibu, nikasema Tingatinga. Bibi akauliza ni Tingatinga wa ukoo gani, nikaanza tena kusimulia tangu Tunduru, chai ikapoa.

Imetundikwa Handeni sasa. Hapa kwangu bado lipo lile doa la mkaa kati ya swichi na kochi, na nimemwambia kijana likizo ya Desemba alipakie rangi ya nyuma yoyote anayotaka, achore upya.

Kama una babu au bibi aliyekata mkonge huku Tanga na watu wa Tunduru miaka ya hamsini, hebu mkalishe chini akusimulie habari za kambini, halafu utumwagie hapa.