Gakaara wa Wanjau: Mwandishi Aliyekuwa Maktaba Yake Mwenyewe

Jina la Gakaara wa Wanjau halitajwi mara nyingi katika mihadhara ya fasihi ya Kiswahili. Anahesabiwa kuwa mwandishi wa Kigikuyu, na rafu anayotengewa katika maktaba ni ile ya lugha za kiasili. Hata hivyo, kijitabu chake kimojawapo cha mapema kiliandikwa kwa Kiswahili, na historia ya maandishi yake kwa jumla, jinsi yalivyochapwa, yakanyakuliwa, yakafichwa na hatimaye yakatafutwa, ni historia ya namna mkusanyo unavyojengwa mahali pasipokuwa na maktaba ya kuujenga.

Gakaara alizaliwa mwaka wa 1921 huko Mathira, Nyeri, karibu na misheni ya Kanisa la Uskoti iliyokuwa Tumutumu. Baba yake alikuwa mchungaji katika kanisa hilo. Katika Nyeri ya siku hizo kitabu kilikuwa takriban mali ya misheni: Biblia, nyimbo za ibada na vitabu vya kufundishia kusoma. Mtoto wa mchungaji alikulia penye karatasi zenye maandishi, bahati ambayo wengi wa rika lake hawakuijua. Mwaka wa 1939 aliingia Shule ya Upili ya Alliance, lakini hakumaliza masomo, kwa kuwa mwaka uliofuata alifukuzwa baada ya mgomo wa wanafunzi. Alijiunga na jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akahudumu Ethiopia, kisha akarejea nyumbani kama maelfu ya vijana wenzake: ameona mengi, na hana ardhi wala kazi ya maana.

Wengi waliorudi vitani walijiingiza katika biashara ndogo ndogo au siasa. Gakaara alichagua njia iliyochanganya yote mawili. Mwaka wa 1946 alitoa Uhoro wa Ugurani, kijitabu juu ya ndoa na mahari, suala lililowasumbua vijana wasiokuwa na mali. Kwa ushirikiano na wenzake alianzisha kampuni ya waandishi Waafrika ili wasitegemee misheni wala ofisi za serikali kuchapishiwa kazi zao. Uamuzi huo unaweza kuonekana mdogo kwa msomaji wa leo. Wakati ule, aliyemiliki mtambo wa kuchapa ndiye aliyeamua ni lugha gani iandikwe, kwa tahajia ipi, na kwa ajili ya nani.

Mwaka wa 1948 alitoa Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Hiki ndicho kijitabu alichokiandika kwa Kiswahili, na hapana shaka alikuwa na sababu. Kigikuyu kingewafikia watu wa Nyeri, Murang'a na Kiambu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi za jeshi alizotoka, ya reli, ya mashamba ya walowezi na ya miji ambamo Mgikuyu, Mjaluo na Mkamba walifanya kazi bega kwa bega. Mwandishi wa bara, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha yake ya mama, aliitwaa lugha hiyo kuwa chombo cha kuwaamsha Waafrika wa makabila yote. Historia za nathari ya Kiswahili nchini Kenya zimezoea kuanzia pwani, kisha kuruka hadi riwaya zilizochapishwa na mashirika makubwa. Vijitabu vya bara vya miaka ya arobaini vimeachwa nje, na sababu si ubora wao bali ni kwamba havipatikani kwa urahisi. Mhadhiri hawezi kufundisha kitabu ambacho maktaba yake haina.

Mwaka wa 1952 kalamu ya Gakaara ilizidi kuwa kali. Alihariri jarida la Waigua Atia?, akatoa Mageria no mo Mahota, na mwezi wa Agosti akachapisha imani ya Gikuyu na Mumbi, maandishi yaliyofuata umbo la imani ya mitume inayokaririwa kanisani, lakini yakiungama ardhi na uhuru. Mwana wa mchungaji alijua vyema nguvu ya umbo hilo, na watawala waliijua pia. Usiku wa Oktoba 20, 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa, alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Machapisho ya Kigikuyu ya aina hiyo yalipigwa marufuku, na kuwa nayo nyumbani likawa jambo la hatari. Kijitabu ambacho jana kiliuzwa sokoni leo kilifukiwa shambani au kutupwa motoni na mwenyewe, kabla ya askari kubisha hodi. Hapo ndipo rafu za maktaba zilipotobolewa tundu ambalo halijazibwa.

Gakaara alizungushwa katika kambi kadhaa: Kajiado, kisiwa cha Manda karibu na Lamu, Athi River na Hola. Ni ajabu ya historia kwamba huko Manda wafungwa wa milimani waliwekwa Takwa, kando ya magofu ya mji wa Waswahili uliohamwa karne nyingi kabla. Katika kambi hizo aliandika shajara kwa siri, akitaja majina ya wafungwa wenzake, maradhi, mijadala, nyimbo na visa vya ukatili. Kuandika ilikuwa hatari. Kuficha kilichoandikwa ilikuwa hatari zaidi. Mkewe, Shifra Wairire, naye alionja kifungo. Hivyo hapakuwa na nyumba tulivu ambamo karatasi zingengojea amani, lakini nyingi ziliokoka.

Aliachiliwa Hali ya Hatari ikielekea ukingoni, akaanzisha tena shughuli za uchapishaji mjini Karatina. Kwa miaka mingi alitoa jarida la Gikuyu na Mumbi, hadithi za mhusika wake maarufu Wa-Nduuta, na vitabu vya kufundishia uandishi sahihi wa Kigikuyu. Alichapa upya kazi zake za kabla ya 1952, nyingine zikiwa zimefanyiwa mabadiliko. Alikuwa mwandishi, mhariri, mpiga chapa na mwuzaji kwa wakati mmoja, na juu ya hayo alitunza barua, miswada na nakala za kila aina. Taasisi nyingi zenye watumishi na bajeti hazikufanya kazi hiyo kwa uangalifu wa kiasi hicho.

Shajara yake ilitoka mwaka wa 1983 kwa jina la Mwandiki wa Mau Mau Ithamirio-ini, miongo mitatu baada ya kukamatwa kwake. Mwaka wa 1984 ilipata Tuzo ya Noma, ambayo Gakaara aligawana na Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka wa 1988. Sifa hizo hazikumkinga: mwaka wa 1986 alikamatwa tena, safari hii na serikali ya nchi huru, katika msako wa walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya.

Wasomi walipoanza kumtafiti kwa dhati, hawakuelekea maktaba, walielekea Karatina. Cristiana Pugliese alichapisha utafiti juu ya vijitabu na nyimbo za kisiasa za Wagikuyu mwaka wa 1993, kisha mwaka wa 1995 akatoa kitabu kizima juu ya maisha na maandishi ya Gakaara. Nyaraka za mwandishi huyo zilipigwa picha katika mikrofilamu, na nakala ikahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani.

Mkutubi wa chuo anayetaka kukusanya kazi za Gakaara hukutana na vikwazo vya pekee. Vijitabu hivyo ni vyembamba, havina mgongo wa kuandikwa namba, pini zake hushika kutu na karatasi yake ya bei nafuu hugeuka rangi na kukatika. Toleo la kwanza na la baadaye huweza kuwa na jina moja na maneno tofauti, hivyo kuwa na nakala moja si kuwa na kitabu. Jina la mwandishi nalo huorodheshwa penginepo chini ya Gakaara na penginepo chini ya Wanjau, na msomaji akaondoka akidhani hakuna kitu. Wauzaji wa vitabu hawana vijitabu hivi. Anayevitaka hana budi kuulizia katika nyumba za wazee, Mathira, Othaya, Gakindu, penye masanduku ambayo wenyewe hawajui thamani yake. Na Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika, kikipatikana, kitahitaji kadi ya pili katika orodha, chini ya fasihi ya Kiswahili.

Gakaara wa Wanjau alifariki mwezi wa Machi mwaka wa 2001. Miaka kumi na miwili baadaye, mji wa Karatina, alikochapia vitabu vyake, ulipata chuo kikuu chenye hati yake.