MAISHA YA APOLO KIVEBULAYA, MWALIMU WA MBOGA



Katika 2023, wakati watu waliokimbia vita walijaa Kanyaruchinya na hapa kwetu Kibati, sisi wanafunzi tulikusanya nguo, sabuni na maharagwe juu yao. Kazi ilianza vizuri. Kiisha likaingia neno: darasa gani litasomwa kwanza kanisani, na nani atasimama mbele wakati wa picha. Tuligombana siku mbili nzima. Siku hizo mbili maharagwe yalikaa katika magunia, na watu wenye njaa walikuwa mwendo wa dakika chache tu. Tunaandika haya kwa haya. Lakini ndiyo sababu tumetafuta maisha ya Apolo, maana yeye alikuja katika inchi yetu na jembe tu, bila mtu wa kumpiga picha.

Alizaliwa Buganda karibu na 1864. Alikuwa pacha, wakamwita Waswa, jina la pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Ujana wake haukuwa wa mtakatifu: alivuta bangi, akapigana upande wa Waislamu katika vita vya dini vya Buganda. Lakini alikuwa amesikia pia mafundisho ya Alexander Mackay, mmisionari Mskoti, na maneno yale hayakumtoka. Katika 1895 alibatizwa, akapewa jina Apolo. Jina la Kivebulaya alipewa na watu juu ya koti lake jekundu la kiaskari. Maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya. Sisi tunafikiri alilipenda koti lile. Hata mtu mnyenyekevu anaweza kupenda koti, sivyo?

Kanisa likamtuma Toro, magharibi ya Uganda. Ng'ambo ya milima ya Ruwenzori, kupita mto Semuliki, kulikuwa na Mboga, ambayo leo iko Ituri na tunaiita Boga. Walimu wawili walikuwa wametangulia kule, Petero Nsugerwa na Sedulaka Makwata. Wakati ule mwalimu wa Injili alikula kwa mkono wa mkubwa wa inchi. Tabaro, mkubwa wa Mboga, akachoka na mafundisho, akakataza watu wasiwape chakula, nao wakarudi.

Sasa nani atakwenda? Apolo akakubali, akanunua jembe.

Tusimame kidogo hapa kwa lile jembe. Mwalimu anayekula kwa mkubwa anaanza kuangalia uso wa mkubwa kabla ya kusema neno. Mwenye jembe analima viazi vyake, anasema kweli, na jioni mgongo unamuuma sawa na wa jirani yake. Hatusemi kwamba Apolo aliwaza haya yote kwa maneno haya. Lakini alipofika Mboga katika 1896, watu walimwona mwalimu analima, na hawakuzoea kuona jambo kama lile.

Tabaro hakufurahi hata hivyo. Apolo alikataza ulevi na wake wengi, na yale yalimgusa mkubwa mwenyewe. Wasomaji wake walisumbuliwa, yeye mwenyewe akapigwa. Katika 1898 kukatokea msiba: dada ya Tabaro alianguka juu ya mkuki kule Apolo alikokuwa akijenga, akafa. Wakasema Apolo amemwua. Wakamfunga, wakampeleka kwa Waingereza kule Toro, akakaa gerezani. Wakati wa mateso yale, ndivyo alivyosimulia baadaye, Yesu alimtokea akiangaza sawa jua, akamwambia asiogope.

Kiisha wakamfungua, maana hawakuona kosa. Angeweza kukaa Toro, fasi alipopendwa. Kumbe akarudi Mboga, kwa mtu yuleyule aliyemfunga! Na Tabaro, baada ya muda, akaamini, akabatizwa kwa jina la Paulo. Hatujasoma popote kwamba Apolo alimkumbusha habari ya gereza.

Katika 1900 alifanywa shemasi, katika 1903 kasisi. Miaka mingi alifanya kazi Toro. Kiisha mpaka ukapimwa tena, Mboga ikawa ya Kongo ya Wabelgiji, na Apolo akarudi kule kwa kukaa. Mganda, kasisi wa kanisa la Waingereza, chini ya serikali ya Wabelgiji: hapo hapakuwa na cheo cha kutafuta. Katika 1922 walimpa heshima ya kuwa kanoni wa Namirembe, lile kanisa kubwa la kilima cha Kampala. Alipokea, akarudi Mboga kwa bustani yake.

Hakuoa. Nyumba yake ilijaa watoto, wengine yatima, akawalisha na kuwafundisha kusoma.

Alikuwa amekwisha kuwa mzee alipoanza kuingia katika pori kwa Wambuti, tangu 1921. Wakati ule wengi waliwadharau Wambuti, na tuseme kweli, hata leo katika Kivu wako watu wanaowacheka Wambuti na hawaoni kosa. Apolo aliketi nao, akajifunza lugha yao, akasaidia kutafsiri sehemu ya Injili ya Marko kwa lugha ile. Ilipita miaka kumi na zaidi, ndipo Wambuti wa kwanza wakabatizwa katika 1932. Miaka kumi! Sisi hatukuvumilia siku mbili bila jina kusomwa.

Alikufa Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kwa desturi wangelaza kichwa chake upande wa mashariki. Lakini alikuwa ameomba kilazwe upande wa magharibi, kuelekea pori, kwa watu ambao hakuwafikia bado. Wakamzika vile.