Baden-Powell: Jenerali wa Nyeri aliyewatoa vijana katika gwaride

KILA ifikapo Februari 22, maskauti kutoka pembe mbalimbali za Kenya humiminika mjini Nyeri. Huvalia sare zao na skafu shingoni, hupanga safu na kuelekea makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro, ambako amezikwa mwasisi wa chama chao, Robert Baden-Powell. Kwa wanafunzi wa Wamagana na vijiji vingine vya Tetu, safari hiyo si ndefu. Kaburi lenyewe limo katika mji ambao wazazi wao huuendea sokoni na hospitalini.

Ni jambo la kushangaza kwamba mtu anayeenziwa kwa mwendo wa ukakamavu na ngoma za bendi ndiye aliyewahi kuwaonya walimu na maafisa wa jeshi kwamba gwaride pekee haliwezi kumlea kijana.

Baden-Powell alizaliwa jijini London mnamo Februari 22, 1857. Baba yake, kasisi na profesa wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mtoto huyo akiwa na umri wa miaka mitatu. Mama yake, Henrietta Grace, akabaki na jukumu la kulea familia kubwa. Katika shule ya Charterhouse, Robert hakusifika sana kwa masomo. Alijulikana zaidi kwa uigizaji, uchoraji, muziki na tabia ya kutorokea katika msitu uliopakana na shule, ambako alijifunza kunyemelea wanyama na kuwasha moto usiotoa moshi wa kumfichua kwa walimu.

Alipokosa nafasi Oxford alijaribu bahati yake jeshini, akafaulu vizuri katika mtihani, na mwaka wa 1876 akapelekwa India kujiunga na kikosi cha askari wapanda farasi. Huko alianza kutilia shaka mafunzo aliyoyakuta. Askari walijua kugeuka kulia na kushoto kwa amri moja, lakini aliyetumwa peke yake usiku kupeleleza adui alipotea njia. Baden-Powell akawagawa katika makundi madogo, akawafundisha kusoma nyayo, kutazama nyota na kuamua mambo wenyewe. Mafunzo hayo aliyaandika katika kitabu kidogo cha kijeshi kilichotoka mwaka wa 1899.

Mwaka huohuo vita vya Waingereza na Makaburu vilizuka Afrika Kusini, naye akazingirwa pamoja na wanajeshi wake katika mji wa Mafeking kwa siku 217. Kwa kuwa askari walikuwa wachache, wavulana wa mji walipewa sare na kazi ya kupeleka barua, kusaidia hospitalini na kulinda zamu. Waliifanya kazi hiyo huku mizinga ikinguruma. Mzingiro ulipovunjwa Mei 1900, Baden-Powell alikuwa shujaa wa taifa zima la Uingereza, akapandishwa cheo kuwa meja jenerali akiwa na umri wa miaka 43.

Hata hivyo, sifa hizo zina doa. Wanahistoria wamemlaumu kwa jinsi chakula kilivyogawanywa Mafeking, ambapo Waafrika walipata kidogo kuliko Wazungu na wengi wakateseka kwa njaa. Kabla ya hapo, mwaka wa 1896, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliamuru chifu Uwini apigwe risasi baada ya kuhukumiwa na mahakama ya kijeshi, ingawa chifu huyo alikuwa tayari mateka. Uchunguzi wa wakubwa wake ulimwondolea lawama, lakini haukuifuta habari hiyo.

Aliporejea Uingereza alikuta kitabu chake cha askari kikisomwa na watoto na walimu. Mnamo mwaka wa 1904 alialikwa Glasgow kukagua gwaride la Boys' Brigade, chama cha vijana wa makanisa kilichoanzishwa na William Smith mwaka wa 1883. Maelfu ya wavulana walipita mbele yake kwa hatua zilizolingana. Jenerali alivutiwa, lakini alimweleza Smith kwamba vijana wengi zaidi wangejiunga iwapo wangepewa mambo mengine mbali na kupiga hatua. Smith naye akamtaka aandike kitabu cha aina hiyo.

Jibu lilipatikana Agosti 1907 katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza. Baden-Powell alipiga kambi na wavulana wapatao 20, wengine wana wa matajiri, wengine wa wafanyakazi. Aliwagawa katika vikundi vidogo, kila kimoja kikiwa na kiongozi wake kijana. Asubuhi hawakuamshwa kwa tarumbeta ya jeshi, bali kwa baragumu la pembe ya tandala alilolitwaa vitani mwaka wa 1896. Hivyo sauti ya kwanza ya uskauti ilitoka katika pembe ya Afrika, iliyochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa wenyewe.

Kitabu chake cha mwaka wa 1908 kilisambaa upesi kuliko alivyotarajia. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba amri za kila mara humfanya kijana kuwa kama gurudumu la mashine: huenda vyema akisukumwa, husimama akiachwa peke yake. Nidhamu ya kweli, kwa maoni yake, hutoka ndani, na hukomaa kijana anapokabidhiwa jukumu na kuaminiwa. Mwaka wa 1910 aliacha jeshi ili ashughulikie vijana, na mwaka huo pia uskauti ukaingia Kenya. Mnamo 1920, katika mkutano wa kwanza wa maskauti wa mataifa yote jijini London, alitangazwa kuwa Skauti Mkuu wa Dunia.

Lakini sheria ya skauti iliyosema kila skauti ni ndugu ya mwenzake ilikwama penye rangi ya ngozi. Huko Afrika Kusini vijana Waafrika walizuiwa kujiunga na Wazungu, wakawekwa katika chama cha kando. Alipozuru nchi hiyo mwaka wa 1936, mwasisi huyo alikubali mpango wa matawi yaliyotengana. Mtu aliyewafundisha vijana kuamua kwa dhamiri zao hakuthubutu kuwakabili walowezi.

Mwaka wa 1938, afya ikiwa imedhoofika, yeye na mkewe Olave walihamia Nyeri, katika nyumba ndogo iliyoitwa Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan. Mwenye hoteli, Eric Sherbrooke Walker, aliwahi kuwa katibu wake. Hapo, Mlima Kenya ukiwa mbele yake, mzee huyo alichora wanyama na kuandika vitabu hadi alipoaga dunia Januari 8, 1941, akikaribia kutimiza miaka 84. Alizikwa Nyeri kwa heshima za kijeshi. Majivu ya Olave, aliyefariki mwaka wa 1977, yaliletwa kutoka Uingereza yakawekwa kando yake. Juu ya kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ambayo kwa maskauti humaanisha kwamba aliyeiacha amekwenda nyumbani.

Wakati wa mazishi hayo, Dedan Kimathi wa Tetu alikuwa kijana wa miaka 20. Muda si mrefu baadaye, misitu iliyoonekana kutoka Nyeri iligeuka uwanja wa vita vya uhuru, na mwaka wa 1954 hoteli ya Treetops, mali ya Walker, iliteketezwa.

Leo wajukuu wa kizazi hicho ndio wanaovaa skafu. Katika shule nyingi nchini, maskauti hupandisha bendera Jumatatu na Ijumaa, na mwaka mzima hufanya mazoezi ya kupiga hatua kwa ajili ya Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Gwaride hupendeza, na wazazi hulipigia makofi. Walakini, jenerali aliyelala Nyeri alipima kijana kwa kipimo kingine: atakavyofanya bendi ikinyamaza, mwalimu akiondoka, na njia ikimlazimu kuichagua mwenyewe. Katika kipimo hicho, yeye mwenyewe alifaulu mara nyingi na kushindwa mara kadhaa.