Ivor Gurney, Mwanakwaya Aliyekwenda Vitani

Siku hizi twasikia sana kwamba muziki huwaponya waliojeruhiwa rohoni na vita. Kabla ya kulipokea neno hilo, na tuyatazame maisha ya Mwingereza Ivor Gurney, mtunzi wa nyimbo na mashairi.

Alizaliwa mjini Gloucester mwaka 1890, mwana wa fundi cherehani. Msimamizi wake wa ubatizo, Padre Alfred Cheesman, alimpa vitabu vya kusoma. Mwaka 1900 aliingia kwaya ya Kanisa Kuu, na mwaka 1911 akaenda kusomea muziki London. Mwaka 1913 akili yake ilimlemea kwa muda. Kwa hiyo si haki kuitwika vita lawama yote.

Alijiandikisha askari mwaka 1915. Huko Ufaransa, ndani ya mahandaki, alitunga nyimbo bila kinanda, akampelekea rafiki yake Marion Scott. (Sisi wanakwaya hulalamika kinanda kikiharibika!) Mwaka 1917 alipigwa risasi ya mkono, kisha akavuta gesi ya sumu.

Amani iliporudi alitunga kwa wingi, lakini usingizi ulimkimbia, akaamini kwamba anateswa kwa umeme. Mwaka 1922 alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wala hakutoka tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alitembelewa hospitalini Dartford na Helen Thomas, mjane wa mshairi Edward Thomas aliyeuawa vitani. Gurney akampigia kinanda. Wagonjwa wengine wakamzunguka, lakini nyuso zao hazikuonyesha kwamba wanasikia. Twakiri kwamba habari hiyo ilitusumbua.

Aliporudi, mama yule alileta ramani ya zamani ya mumewe, yenye vijiji vya Gloucestershire. Wakaitandaza kitandani, wakazifuata kwa vidole njia alizozipenda Gurney tangu ujana. Akafurahi sana. Labda hicho ndicho kilichopungua penye kinanda: mtu wa kwenda pamoja naye. Wanaotibu kwa muziki leo, ambao chama chao Uingereza kilianza mwaka 1958, hawampigii mgonjwa tu. Hupiga na kuimba pamoja naye.

Gurney alikufa kwa kifua kikuu tarehe 26 Desemba 1937, akazikwa Twigworth, karibu na kwao. Aliyeongoza mazishi ni Padre Cheesman yule yule.