Aliyepokonywa Lugha Akiwa Mtoto, Akasikilizwa Uzeeni

Kila mwaka ninapoanza kuwafundisha wanafunzi wangu somo la isimujamii, huwauliza ni wangapi kati yao walioadhibiwa shuleni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Mikono mingi huinuka, na wangu huinuka pia. Nilikivaa shingoni kile kipande cha ubao alichovishwa mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani, kisha nikashinda nikimvizia mwenzangu ateleze ili nimpokeze. Baada ya hapo huwasimulia maisha ya mzee mmoja wa Kanada ambaye wengi wao hawajapata kumsikia, ingawa katika miaka ya 1970 aliwaliza na kuwachekesha watazamaji wa sinema katika nchi nyingi. Leo napenda kuwasimulia wasomaji wa ukurasa huu, hususan walimu wenzangu.

Mzee huyo ni Dan George. Alizaliwa tarehe 24 Julai 1899 miongoni mwa Watsleil-Waututh, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya Kanada, ng'ambo ya ghuba inayolitazama jiji la Vancouver. Wazee wake walimwita Geswanouth Slahoot, jina lenye maana ya ngurumo inayoijia nchi kavu kutoka majini. Lugha yao ilikuwa Halkomelem.

Katika jamii za pwani ile, ambazo hazikuwa na maandishi, kunena mbele ya watu ilikuwa elimu kamili. Haki ya cheo, ya jina na ya urithi ilithibitishwa kwa maneno katika sherehe kubwa za kugawa mali, mbele ya wageni walioalikwa wawe mashahidi na kutuzwa ili wakumbuke. Mnenaji mahiri alikuwa ndiye hati na ndiye wakili. Serikali ya Kanada ilizipiga marufuku sherehe hizo kuanzia mwaka wa 1885, na sheria hiyo haikuondolewa hadi 1951. Kwa hiyo mtoto huyu alizaliwa katika nchi ambamo ufasaha wa wazee wake, uliponenwa mahali pake panapostahili, ulikuwa hatia.

Alipotimiza umri wa miaka mitano alipelekwa katika shule ya bweni ya wamisionari Wakatoliki. Huko mambo mawili yalimpata. Kwanza, lugha yake ilikatazwa. Pili, jina lake la ukoo liliondolewa. Kwa kuwa baba yake alikuwa na jina la Kizungu la George, mtoto naye akaandikwa George, na Slahoot likabaki nje ya lango. Mfumo huo wa shule za bweni ulipitiwa na watoto wapatao 150,000 nchini Kanada. Serikali ya nchi hiyo iliomba radhi bungeni mwaka wa 2008, na tume ya ukweli na maridhiano ikatoa ripoti yake kamili mwaka wa 2015. Dan George hakuishi kuyaona hayo.

Alitoka shuleni akiwa na umri wa miaka kama 16. Elimu aliyoipata haikumfungulia ofisi yoyote. Alikata miti msituni, kisha kwa zaidi ya miaka 20 akawa kuli katika bandari ya Vancouver, akipakia mbao melini, hadi mwaka wa 1947 shehena ya mbao ilipomgonga na kumjeruhi. Alifanya kazi za ujenzi, akaendesha basi la shule, na pamoja na jamaa zake akaanzisha kikundi cha muziki kilichotumbuiza huku na huko. Kuanzia 1951 hadi 1963 alikuwa chifu wa watu wake. Msomaji na azingatie jambo hili: kwa sehemu kubwa ya uongozi wake, chifu huyo hakuweza kulichagua bunge la nchi yake ila kwa kuikana hadhi yake ya kisheria ya uenyeji. Wenyeji wa asili walipewa haki kamili ya kupiga kura za kitaifa mwaka wa 1960.

Alikuwa na umri wa miaka 60 hivi wakati shirika la utangazaji la Kanada lilipokuwa likitayarisha mfululizo wa vipindi vya televisheni ulioitwa Cariboo Country. Mwigizaji Mzungu aliyeigiza mzee mmoja mwenyeji aliugua. Mwanawe Dan George, ambaye tayari alikuwa na nafasi katika mchezo huo, akapendekeza baba yake ajaribiwe. Kuli yule wa zamani alisimama mbele ya kamera, na waliokuwapo wakatambua kwamba mtu huyu hakuhitaji kufundishwa namna ya kunena wala namna ya kunyamaza.

Tarehe 1 Julai 1967, Kanada iliposherehekea kutimiza miaka 100, alialikwa kuhutubia umati wa zaidi ya watu 30,000 katika uwanja wa michezo wa Vancouver. Badala ya kupongeza, aliomboleza. Aliililia mito na misitu iliyotwaliwa, uhuru uliotoweka, na vitabu vya historia vilivyowadhihaki watu wake. Kisha akaapa kwamba watu hao wangeinuka tena kwa kuishika elimu na ujuzi wa Wazungu. Alisema hayo yote kwa Kiingereza, ile ile lugha aliyotwishwa. Mwaka huo huo aliigiza jukwaani baba wa binti aliyepotelea mjini katika tamthilia ya George Ryga, The Ecstasy of Rita Joe.

Filamu iliyomtangaza duniani ilitoka mwaka wa 1970: Little Big Man, iliyoongozwa na Arthur Penn. Hapa naomba niseme kama mwanaisimu. Kwa miongo mingi, mwenyeji wa asili katika filamu za Hollywood alikuwa mtu wa kuguna na kusema Kiingereza kilichovunjika: vitenzi bila njeo, sentensi za maneno matatu. Mtazamaji alifanywa aamini kuwa akili ya msemaji ni fupi kama sentensi zake. Isitoshe, aghalabu wahusika wakuu wa aina hiyo waliigizwa na Wazungu waliopakwa rangi. Katika filamu ya Penn, Wacheyenne wazungumzapo wao kwa wao husikika wakisema Kiingereza kamili, kwa kuwa tunaelewa kwamba hapo wanasema lugha yao. Dan George, aliyeigiza mzee wao, akapata sentensi ndefu, mzaha, maombi na hekima. Kuna mahali mzee huyo anapanda mlimani, anamshukuru Mungu, analala chini ili afe. Mvua inamnyeshea usoni na kifo hakiji. Anainuka, anafanya utani, anarudi nyumbani kula. Sijui mahali pengine katika sinema ambapo kicheko na huzuni vimekaa karibu hivyo.

Wahakiki wa New York walimtuza kuwa mwigizaji msaidizi bora wa mwaka huo. Alikuwa pia wa kwanza miongoni mwa wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini kupendekezwa kuwania Oscar ya uigizaji. Tuzo hiyo ikamwendea Mwingereza John Mills, ambaye katika filamu yake aliigiza bubu. Mills alikuwa mwigizaji stadi wala simkebehi. Ila kila ninapolikumbuka hilo huona kinaya: aliyekatazwa kusema akiwa mtoto alishindwa na asiyesema neno. Mwaka wa 1971 alipewa nishani ya taifa la Kanada, na mwaka wa 1972 Chuo Kikuu cha Simon Fraser kikamtunuku udaktari wa heshima. Mwaka wa 1976 aliigiza pamoja na Clint Eastwood katika The Outlaw Josey Wales. Hata baada ya umaarufu huo aliendelea kuishi miongoni mwa watu wake. Alifariki tarehe 23 Septemba 1981, akiwa na umri wa miaka 82.

Yamkini msomaji ataniambia kuwa shule hiyo hiyo ndiyo iliyompa Kiingereza alichotumia kujipatia sifa. Ni kweli, na yeye mwenyewe hakukichukia. Lakini maelfu ya watoto walipitia shule kama ile na kupewa Kiingereza hicho hicho. Mizani ya usemi wake, subira yake kabla ya neno lililo zito, mzaha wake katikati ya huzuni, hayo hayakuwa katika silabasi. Aliingia nayo langoni akiwa na miaka mitano, yakadhaniwa ni ujinga unaohitaji kung'olewa. Ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya mtu kumwomba ayatoe. Naye alikuwa na bahati ya kuishi muda mrefu. Ni wangapi waliokufa nayo vifuani?

Huko Abbotsford na Toronto zipo shule zilizopewa jina la Dan George kwa heshima yake. Nafurahi kwamba watoto wanajifunza chini ya jina hilo. Hata hivyo, ni lile jina la George aliloandikiwa langoni. Slahoot bado liko nje. Mwalimu mwenzangu, kesho asubuhi utakapoita majina ya wanafunzi wako, kumbuka kwamba kila mmoja wao amekuja na lugha ambayo tayari ameshafundishwa kunena kwayo.