DAKTARI ROBERT KOCH KATIKA ZIWA VICTORIA

Wanafunzi wa sayansi wanalijua jina la Robert Koch kwa sababu ya kifua kikuu. Ni wachache wajuao kwamba bwana huyu alifika Mwanza, ng'ambo tu ya Kamanga yetu, mwezi wa Julai mwaka 1906, akiwa mzee wa miaka 62 mwenye sifa dunia nzima.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843, huko Clausthal, mji wa machimbo katika nchi ya Ujerumani. Alisomea udaktari Göttingen akahitimu mwaka 1866, na baadaye akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Hapo hakuwa na maabara wala mwalimu wa kumwongoza. Alikuwa na hadubini, chumba kidogo, na panya. Hata hivyo mwaka 1876 alionyesha wazi kwamba kimeta huletwa na bakteria wa aina moja, na tarehe 24 Machi, 1882, aliwatangazia wenzake mjini Berlin kuwa amemgundua bakteria wa kifua kikuu. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905.

Lakini si kila jambo lake lilifaulu. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu iitwayo tuberkulini, ambayo aliona imewafaa wanyama. Wagonjwa wakamiminika Berlin. Wengi hawakupona, na wengine walikufa. Habari hiyo tuishike, maana itatusaidia kuyaelewa yaliyotokea huku ziwani.

Kilichomleta huku kilikuwa malale. Tangu mwaka 1900 ugonjwa huo ulikuwa ukifagia pwani na visiwa vya Uganda, na baada ya miaka michache waliokufa walizidi 200,000. Mbung'o akimwuma mtu humtia vimelea katika damu. Kwanza mtu hupata homa na kuvimba tezi. Vimelea hukaa katika damu kwa muda, kisha huingia katika ubongo. Ndipo mgonjwa husinzia mchana, hupotewa na akili, na mwishowe hufa.

Mwanza Koch aliona wagonjwa wachache, basi akavuka hata visiwa vya Sese, akapiga kambi Bugala. Alikuwa na dawa iitwayo atoksili, yenye aseniki ndani yake. Mwaka 1905 Thomas na Breinl wa Liverpool walikuwa wameonyesha kwamba dawa hiyo huwaua vimelea katika wanyama wa maabara. Tatizo ni kwamba mnyama wa maabara huambukizwa siku inayojulikana, akatiwa dawa mapema, vimelea wangali katika damu. Mgonjwa wa Sese hakuijua siku aliyoumwa na mbung'o. Wengi walifika kambini wakiwa wamebebwa, ubongo umekwisha kuingiliwa.

Mwanzoni matokeo yalipendeza mno. Koch aliwapiga sindano za nusu gramu, na watu waliokuwa hawawezi kusimama wakaanza kutembea. Habari zikaenea, watu wakaja kwa mitumbwi, hata wagonjwa wakapita 1,000. Lakini atoksili husafisha damu tu. Kati ya damu na ubongo pana ukuta mwembamba ambao dawa nyingi haziwezi kuupenya, na hii haikuupenya vya kutosha. Ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza kipimo hadi gramu moja. Hapo ndipo aseniki iliposhika mishipa ya macho, na wagonjwa 22 wakawa vipofu, wasione tena. Koch alirudi kwenye kipimo kidogo. Kwa maoni yangu hao 22 wanastahili kutajwa kila mara anapotajwa yeye, ingawa vitabu hutupa idadi yao tu.

Shida hiyo ya wakati ingaliko. Dawa nyingi zimeukinga ubongo wa panya zilipotiwa kabla ya kiharusi au mara baada yake, kisha zikashindwa kwa watu, kwa kuwa mtu hana taarifa ya saa ambayo kiharusi kitampiga, naye hufika hospitali akiwa amechelewa.

Koch pia alishauri mamba wapunguzwe, maana aliona mbung'o wa ziwani hunywa damu yao. Aliondoka Afrika mwaka 1907. Mwaka 1909 serikali ya Uganda iliwahamisha watu wa Sese, visiwa vikabaki vitupu. Koch mwenyewe alifariki kwa ugonjwa wa moyo mjini Baden-Baden tarehe 27 Mei, 1910.

Vidonge viitwavyo feksinidazole, ambavyo humezwa na kufika hadi ubongoni, vilikubaliwa na wakaguzi wa dawa wa Ulaya mwaka 2018 kwa malale ya aina ile ya Sese, na mwaka 2023 kwa aina ya upande wetu.